Nilichokiona Chini ya Sakafu ya Mzee Luhaga

Kuku walikuwa wanakunywa maji ukutani.

Mwezi wa tisa, Tunduma nzima vumbi mpaka kwenye kope, halafu kuku wa mtu wamepanga foleni kwenye ufa wa msingi!

Nikacheka. "Mzee, kumbe kuku wako wana bomba lao?"

Mzee Luhaga hakucheka. Aliuza ng'ombe zake kule Momba akajenga nyumba ile mtelemkoni. Sasa anaiuza, uzee umemchosha.

Mimi na mke wangu Enesi tulikuwa tumechoka kupanga, na mtoto wa pili yuko njiani. Vyumba sita, karibu na barabara. Niliitaka ile nyumba mpaka naiota.

"Chini ya sakafu kuna uvungu," mzee akasema. "Magoti yangu yamegoma. Ingia, kijana wangu, uniambie kukoje."

Nikajipenyeza kwa tumbo, tochi ya simu mdomoni.

Jamani.

Maji ya baridi yalinifika viwikoni, yanabubujika toka ardhini. Nguzo mbili za tofali zilizobeba sakafu zimelika katikati kama muhindi uliotafunwa. Nikagusa moja. Vipande vikabaki mkononi mwangu.

Sasa, kabla sijaenda, fundi Anyitike alishaninong'oneza: "Ukikuta ubovu, funga domo. Ukisema, mzee ataziba, bei ipande. Huku nyumba tunanunua masika, dogo. Maji yakiingia ndani wapangaji wanakimbia, mwenye nyumba anakubembeleza mwenyewe."

Nikatoka nimejaa tope. Mzee akanikazia macho.

"Enhe?"

"Maji kidogo tu, mzee. Nguzo zimesimama kama askari wa mpakani."

"Kweli kabisa?"

"Labda uwadai kodi vyura."

Mpangaji wake mmoja, Scola, muuza maandazi, alikuwa mlangoni anasikiliza. Alicheka mpaka akashika fremu. Na mimi nikavimba kichwa, nikajiona mjanja wa mji.

Nyumbani nilimweleza Enesi nilichokiona kule chini. Akaniuliza, "Tunanunua, hatununui?"

"Tunasubiri mvua."

"Na waliomo humo?"

"Wakilowa miguu watahama wenyewe."

Akanigeuzia mgongo, akaendelea kukunja nguo.

Mvua zilikolea Januari. Siku ya nne mfululizo, asubuhi, Scola amekaa chini anakanda unga, sakafu ikakatika.

Hakukuwa na cha kulowa miguu. Chumba chote kilishuka naye.

Walimtoa saa saba mchana, unga bado uko kwenye vidole. Binti yake Angel alikuwa shuleni. Wakamfuata darasani.

Nilienda msibani kwa sababu kutokwenda kungeonekana. Mzee Luhaga akanivuta pembeni ya turubai. Nikajua leo natukanwa mbele za watu.

Akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Kijana wangu, usijilaumu. Wewe ulisema ulichokiona."

Nikainamia viatu vyangu.

"Siku ile ulipokuja, Scola alikuwa ameshafunga mizigo. Kapata chumba Mlowo. Mimi mwenyewe nilimwambia, hama, sipaamini hapa chini. Aliposikia maneno yako, akafungua mizigo. Akasema, mtu kaingia mpaka ndani, kaona kwa macho yake."

Mzee mpaka leo hajui. Enesi anajua. Siku hizi nyumbani kwetu tunakula kimya.

Mtu akikuuliza umeona nini, mwambie ulichoona. Bei mtaelewana baadaye.