Mwanafunzi wangu alileta ukweli kwa Kisukuma, jopo likamrudisha akalete uongo kwa Kiswahili

Wakuu, poleni na majukumu.

Leo naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia. Nafundisha chuo kimoja hapa Shinyanga, political science na research methods. Chuo sikitaji, kijiji sikitaji, na mwanafunzi nitamwita Kabula. Mengine yote nayasema kama yalivyotokea.

Kabula ni binti wa Nkome, kule kando ya Ziwa Victoria, kwao wanaanika dagaa. Darasani alikuwa mkimya, wale wa kukaa nyuma karibu na dirisha. Mwaka wa mwisho akaja ofisini na swali: kwa nini wanawake wa kijiji fulani cha Geita, chenye machimbo ya wachimbaji wadogo, wameacha kwenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji?

Nilifurahi sana. Nimechoka kusoma research za "mchango wa hiki katika kile" zinazopikwa stationery.

Tukatengeneza dodoso la Kiswahili sanifu, kama idara inavyotaka. Akaenda field.

Haikupita wiki akanipigia.

"Shikamoo mwalimu. Huku nadanganywa."

"Marahaba. Na nani?"

"Na kila mtu. Nauliza kama wanaridhika na ushiriki wao katika vyombo vya maamuzi, wote wanasema wanaridhika sana. Kuna bibi kaniambia, andika unavyoona mwanangu, wewe ndiye msomi."

Waliowahi kufanya utafiti vijijini huku watanielewa. Mtu maisha yake yote yako kwenye Kisukuma. Wewe unamjia na karatasi na Kiswahili cha taarifa ya habari. Anakuona mtu wa serikali, anakujibu kwa adabu ili uondoke salama.

Nikamwambia aweke dodoso kwenye begi. Akae nao, aongee Kisukuma, aombe ruhusa, arekodi. Ni njia halali kabisa, naifundisha kila mwaka.

Sauti alizorudi nazo zilinifanya nisahau chai yangu mezani. Yule yule bibi safari hii alimwambia hivi, natafsiri: "Mwanangu, sisi tunaitwa kupiga makofi. Maduara, yale mashimo ya dhahabu, yanakuwa yameshagawanywa nyumbani kwa mwenyekiti. Nilisimama kuuliza, kesho yake mwanangu akafukuzwa kazi kwenye karasha la kusaga mawe. Niende tena kufanya nini?"

Wanawake wengi walisema yanayofanana na hayo. Kabula akaandika vizuri, akatafsiri, akaficha majina.

Ikaja siku ya kutetea utafiti.

Mwenyekiti wa jopo, nimwite Dokta, ni Msukuma wa huku huku, lugha kainyonya kwa mama yake. Kabula akawasikilizisha sauti ya yule bibi. Dokta akaanza kucheka. Wenzake nao wakacheka.

"Binti, hapa chuo kikuu, siyo kwenye ngoma. Data ya kilugha utaipima na nini?"

Kabula akaanza kueleza, akamkata. Kuna mjumbe alikuwa anachezea simu.

Nikashindwa kukaa. "Dokta, umeelewa alichosema huyo mama?"

"Nimeelewa, ndiyo maana nacheka."

Wakuu! Mtu mzima, amelelewa na mama anayeongea vile vile!

Tulipotoka akanivuta pembeni ya korido. "Unataka uongozi wa kule utufungie milango? Mwakani tutapeleka wanafunzi wapi?"

Kumbe shida haikuwa lugha.

Uamuzi: arudie kwa dodoso, la sivyo hahitimu. Nikakata rufaa kwa mkuu wa kitivo, nikaambiwa jopo likishaamua limeamua. Nilitaka kuendelea, Kabula akanizuia.

"Mwalimu, acha. Nyumbani wanajua nahitimu. Mama ameshaalika hadi majirani."

Akarudi kijijini na dodoso. Wote wanaridhika sana. Akachora majedwali, akapaka rangi. Jopo likampongeza, Dokta akasema "sasa hii ndiyo sayansi." Na mimi supervisor nikasaini, kwa sababu bila saini yangu anayeumia ni yeye.

Mnadhani iliishia hapo? Dokta akaichukua ile ripoti, akaenda kuiwasilisha kwenye warsha pale mjini. Wanawake wa machimboni wanaridhishwa na utawala wa vijiji! Watu wakapiga makofi. Nilitoka nje, nikapanda bajaji, nikaenda nyumbani bila kuaga.

Sasa sikilizeni alichofanya Kabula.

Baada ya kuhitimu alirudi kile kijiji. Akawapitia wanawake nyumba kwa nyumba, akawaomba waje mkutano mkuu mara moja tu. Wakaja. Akaomba nafasi ya kushukuru kwa kupokelewa, akapewa. Akasimama, akaeleza matokeo yake yote ya kwanza, kwa Kisukuma, bila jina la mtu.

Mwenyekiti wa kijiji akamwamuru akae.

Yule bibi akainuka. "Hayo nimeyasema mimi. Mwache amalize."

Akainuka mwingine. "Na mimi." Wakaendelea kuinuka. Mwenyekiti akafunga mkutano, wanawake wakakataa kuondoka mpaka ikapangwa siku ya kujadili maduara hadharani. Kabula alinipigia akiwa pale pale, nikasikia zile kelele. Nililia, sioni aibu kusema.

Maduara bado yanajadiliwa, sijui watafika wapi. Dokta bado ni jirani yangu ofisini na mwaka huu anaongoza jopo tena.

Nilichojifunza: chuo kinachoogopa majibu kisijisumbue kutuma vijana wakaulize. Na wewe mwanafunzi, ukilazimishwa kubadilisha ripoti, nakala ya kweli warudishie waliokuambia. Ni ya kwao.

Walimu wa vyuo mliomo humu, kwenu hali ikoje? Anayetaka kumtetea Dokta naye anakaribishwa, ila aje na hoja, kucheka nimeshakuona.