Suruali ya Pekosi Uwanjani Kibondo

Miaka ile ya sabini, ukiingia duka moja pale Kasulu kununua sabuni, unaulizwa kwanza: kati ya wale wawili, nani anaibeba timu yetu ya kikapu? Mimi nilikuwa kapteni, na jibu langu halikumpendeza mtu.

Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwenye duka hilo hilo, watu wa asili ya pwani. Fundi wa kufunga, lakini mchoyo wa mpira kupindukia, na kurudi kukaba aliona ni kazi ya wengine. Wa pili alikuwa mkulima wa Kabanga, mrefu, ambaye wazazi wake walikimbia vita Burundi. Huyu kufunga hajui. Hata akisimama chini ya ringi anakosa. Lakini mpira wowote uliogonga ringi ukarudi ulikuwa wake. Mji mzima ulimsifu mfungaji. Mimi nilisema mrefu, na kwa ubishi nikaapa: tukifungwa tena na Kibondo, ukapteni nawaachia. Na ukapteni ule niliupenda sana.

Siku ya mechi tulipanda lori, tukafika Kibondo wekundu kwa vumbi. Kipindi cha kwanza tuliongoza. Cha pili kilipoanza tu, mrefu akautupa mpira, akatimua mbio hadi nyuma ya vyoo vya shule. Nikamfuata nikiwaka.

"Kapteni, mabukwe yule pale!" alisema, akiivuta kaptula ifike magotini. Alikuwa amechumbia msichana wa kijiji cha Murungu, hapo jirani, na mama mkwe mtarajiwa, akitoka sokoni, alikuwa amesimama kando ya uwanja. "Anione mapaja, kaka? Basi ndoa hakuna."

Kwetu Buha jambo hilo halina mjadala. Nilirudi peke yangu. Mfungaji aliendelea kufunga, lakini kila alipokosa, Kibondo waliuokota mpira, wakakimbia, wakafunga. Wakatufikia, wakatupita. Ubishi wangu ulikuwa umeshinda na ukapteni unaondoka, nilitamani kulia.

Ndipo mfungaji akaomba mapumziko. Akaenda kwenye lori, akarudi na suruali yake ya pekosi, yenye miguu mipana, mpya, ambayo njia nzima alikuwa ameipakata ili isikunjike.

"Mpe," aliniambia. "Nimechoka kucheza peke yangu."

Kiunoni ilibana na chini iliishia katikati ya miundi, lakini magoti yalisitirika. Mrefu akaingia ameinamisha uso. Mama mkwe naye, kwa heshima, akajitanda kanga na kuupa uwanja mgongo, ila hakuondoka. Aliisikiliza mechi mpaka mwisho.

Na mwisho ulikuwa hivi: mfungaji akakosa, mrefu akaruka, pekosi ikachanika nyuma prrr, mpira akaudaka na kumrudishia mwenzake, akafunga. Tukashinda. Nilimshukuru Mungu kwa ule mgongo wa mama. Mfungaji alirudi Kasulu na kaptula, meno yakigongana kwa baridi, akiimba kuliko sisi sote.

Kesho yake dukani wakanisubiri: haya kapteni, nani sasa? Nilikuwa na jibu langu tayari, na maneno ya kuwakomesha. Lakini kabla sijawajibu, jioni, mazoezini, mfungaji alipata nafasi nzuri peke yake, akatoa pasi kwa mrefu. Mrefu akakosa, kama kawaida yake. Nikangoja matusi. Mfungaji akacheka, akageuka, akakimbia kurudi kukaba.