Mfupa Usioshuka

Miaka ile viwanda vilipofunguliwa Mwanza, minofu ya sangara ilipanda ndege na mifupa ikabaki kwetu. Modesta aliikaanga na kuiuza sokoni Kirumba, tukaila tukiiita mapanki. Kwa hiyo mumewe, Mashimba, alipoanza kukwamwa na chakula kooni, hakuna aliyeshangaa. Ni mfupa, tukasema. Modesta akafanya kama mama yake alivyomfundisha: akamfinyangia tonge kubwa la ugali ameze bila kutafuna, liusukume.

Kila siku tonge. Mwezi wa pili wa ugonjwa likabidi liwe dogo. Mwezi wa nne hata uji ulirudi, ndipo wakaenda hospitali. Haukuwa mfupa. Ilikuwa saratani ya umio, na ilikuwa imeshaziba njia ya chakula.

“Mngekuja siku zile za mwanzo,” daktari alisema.

Mashimba alizikwa kabla ya Krismasi.

Modesta bado anakaanga. Mteja akishika koo, watu hupiga kelele apewe ugali. Yeye huwakaripia, kisha humuuliza, “Umeanza leo, au tangu lini?” Akisikia wiki mbili, huepua karai na kumpeleka hospitali mwenyewe.

“Mkono huu ulimlisha mume wangu miezi minne,” husema njiani. “Kumbe ulikuwa unamchelewesha.”