Kipimo cha Kifuniko cha Soda

Mwaka 2013 nilikuwa bwana shamba Kasulu, mtu wa Njombe niliyeletwa kule na barua ya uhamisho, na nilikuwa nimechoka. Sisemi uongo. Pikipiki ya ofisi ilikuwa mbovu, vijiji vyangu vilikuwa saba, na kila mlima niliomaliza kuupanda ulikuwa na mwenzake nyuma yake.

Msimu ule mradi mmoja ulituletea vitu viwili vya kujaribu. Cha kwanza ni mbolea yenye ganda, inayoyeyuka polepole mpaka zao likomae. Cha pili ni chenga nyeupe zinazofanana na sukari. Ukizitia maji zinavimba na kuwa rojorojo, na zikifukiwa udongoni zinashika maji hata mvua ikikatika. Maharage ya Februari huko huuawa na jua la katikati ya msimu, basi nikazipenda zile chenga kuliko nilivyozielewa.

Mama niliyemchagua kwa shamba la mfano alikuwa mjane, na kwa kilimo alinizidi mbali. Alikuwa na kibuyu cha mbegu alichoachiwa na mama mkwe wake: maharage meusi yenye doa jeupe, ambayo sikuwahi kuyaona sokoni, si Kasulu wala Kibondo. Kila mwaka alipanda nusu, nusu akaibakiza kibuyuni na majivu. Mimi nikamwambia apande zote, maana wageni wa mkoani wangekuja kutazama na sikutaka mapengo. Akamimina kibuyu chote kwenye ungo.

Siku ya kupanda, majirani walikuja kumsaidia. Kipimo chetu cha mbolea kilikuwa kifuniko cha soda, kimoja kila shimo, na akina mama walivifunga kwenye pindo la kanga wasivipoteze. Mama akaniuliza zile chenga nyeupe aweke kiasi gani. Nilikuwa nimekaa kwenye kisiki, navua kiatu kilichoniumiza tangu asubuhi. Nikajibu kwamba kipimo ni kile kile.

Maelekezo yalikuwa ndani ya mfuko. Yalisema inatosha kiasi cha kushika kwa vidole viwili. Niliyasoma baada ya mambo kuharibika, na majuto ni mjukuu.

Mvua kubwa ilinyesha siku chache baadaye. Nilipofika, shamba lilikuwa limeumuka kama unga wa maandazi. Rojorojo lilikuwa limesukuma udongo juu katika kila shimo, na maharage yamelala juu yake, vimizizi vyeupe hewani, kuku na njiwa wanajichagulia. Mama alikuwa amepiga magoti anaokota yaliyobaki. Akanisalimia kwa Kiha, "Mwakeye," kama siku nyingine yoyote.

Nilianza kujieleza, akanikatiza taratibu.

"Niliona ni nyingi. Kwenye shimo la kwanza tu niliona."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema.

"Wewe ulikuwa mgeni shambani kwangu, na majirani wote wapo. Ningekuaibishaje?"

Nilikasirika. Kwanza nilimkasirikia yeye, Mungu anisamehe, halafu mradi, halafu kile kiatu. Zamu yangu mwenyewe ilifika jioni, na haijaisha hadi leo.

Yale aliyoyafukia upya yalioza. Yaliyopona ni ya mistari miwili ya pembeni, ambako chenga zilikuwa zimekwisha kabla ya kufika. Wageni wa mkoani hawakuja.

Mwezi wa sita akaniita nyumbani. Kwao chungu cha kwanza cha maharage mapya huonjwa na aliyeshiriki kupanda, na mwaka ule hakuona sababu ya kuuacha utaratibu huo. Aliniwekea bakuli dogo mbele yangu. Nilipoyaona yale madoa meupe nikasema nimeshiba, nimekula njiani.

"Kula," akasema. "Uliyapanda."

Nilikula yote. Yalikuwa matamu, na hilo liliniuma zaidi kuliko kama yangekuwa machungu. Nilipomaliza nikajikaza nikamuuliza punje za mbegu zimebaki ngapi. Alikitungua kibuyu ukutani, akakisogeza karibu na sikio langu, akakitikisa. Zilisikika mojamoja.