Kioo Ambacho Bi Shizue Hakukigeuza

Kwa miaka ishirini na sita Bi Kurahashi Shizue alipima vioo vya picha, vile vibao vya kioo vilivyonasa mwanga wa nyota kama filamu, katika kituo chetu cha nyota, juu ya vilima vya Okayama. Mimi nilivisafisha katika chumba cha giza, kisha nikamkabidhi vikiwa vikavu. Kila kioo alikipima kwa hadubini mara mbili: akimaliza, alikigeuza kuume kuwa kushoto na kuanza upya, kwa maana jicho la mtu huegemea upande mmoja bila mwenyewe kujua.

Machi ile Daktari Onodera alichunguza nyota iliyokuwa zamani kama jua letu. Kiini chake kilipoishiwa na kuni zake, ilivimba, ikawa nyekundu, ikayavua matabaka yake ya nje. Sasa kiini kitupu, chenye joto kali, kiliiangaza gesi iliyotawanyika. Kiooni, mwanga ukiwa umetandazwa kwa rangi zake, gesi iliyotujia na ile iliyotukimbia ziliacha mistari miwili. Nafasi kati yake ilionyesha kasi ya gesi, na kwa kasi hiyo Daktari angehesabu nyota ilianza kujivua lini.

Jumatatu moja mume wa Bi Shizue alilazwa hospitalini. Bi Shizue alikipima kioo cha nyota ile mara moja tu, akakisia namba za mara ya pili, akawahi basi.

Makala ya Daktari kuhusu nyota hiyo ilikuwa ipelekwe kuchapwa Ijumaa. Siku mbili mfululizo vibonge vyake vya wali vya chakula cha mchana vilirudi nyumbani havijaguswa.

“Dada, hivyo unavipandisha mlimani vipunge hewa?” nilimtania.

Hakucheka. Alinieleza yote, nami, Mungu anisamehe, nikamshauri anyamaze.

“Ikichapwa, wenzetu watapiga hesabu zao kwa kuitegemea,” alisema. “Hawatajua kwamba nilikuwa nawahi basi.”

Alhamisi asubuhi alimwendea Daktari, akainama mpaka paji la uso likakaribia meza. Daktari hakumkemea. Alimwambia akigeuze kioo wakati ule ule, angesubiri.

Saa nzima ilipita. Mstari mmoja ulikuwa hafifu, lakini mimi nilipochungulia niliuona bila taabu. Yeye alibadili jicho, akapangusa lenzi, akabadili tena.

“Daktari, si haraka tu,” alisema hatimaye. “Siuoni. Jumatatu niliuweka pale nilipozoea kuukuta.”

“Tangu lini, mama?”

“Mwaka jana, nadhani. Nilikuwa namlaumu huyu, kwamba hajui kusafisha vioo.”

Makala haikupelekwa. Vioo vyote alivyopima tangu mwaka uliotangulia, mia moja na arobaini, vilishushwa kutoka rafuni, nikapewa mimi nivipime upya. Bi Shizue alinifundisha kwa wiki mbili, amesimama nyuma yangu. Nilipomwuliza kama uzi mwembamba wa kulengea ndani ya hadubini umekaa sawasawa juu ya mstari, hakuinama kuchungulia.

“Wewe ndiye unayeona, kaka,” alisema.