Chumvi ya Jirani wa Unguja

Juzi mwalimu wa jiografia aliandika ubaoni habari za Unguja: joto, unyevu, mvua za masika na vuli, wakazi wengi Waislamu. Darasa zima likanakili. Mimi nikanusa nazi.

Unajua, nikiwa darasa la pili, ploti ya nyumba za kupanga ya shosho, nyanya yangu, hapo Kabiria ilikuwa na mpangaji, mama mmoja kutoka huko. Julai hiyo alivaa sweta mbili, akatuambia kwao watu hulala madirisha wazi. Sikuamini. Nani anaacha joto la bure aje kukohoa kwenye baridi ya Kabiria? Na ule moshi wa udi mlangoni? Shosho, mtu wa kanisa, aliunusa akasema, "Huyo anaficha kitu. Nikimpata na kosa moja tu, anahama."

Ramadhani ikaingia. Mama huyo alipika alasiri nzima bila kutia kitu mdomoni. "Mpishi asiyeonja ana sababu," shosho akasema.

Kisha yule mama akaniita mimi. "Njoo mwanangu, niangalizie chumvi. Nimefunga." Akanidondoshea mchuzi kiganjani. Nikajua ni sumu na mimi ndiye panya. Nikalamba, nikangoja kufa. Wapi. Samaki wa nazi alikuwa mtamu hadi nikakasirika.

Ikawa kazi yangu kila siku, lakini bado nilimshuku. Lazima alionja nikigeuka. Siku moja nikamtega: "Haina chumvi." Akaongeza. "Bado." Akaongeza tena, mkono wala haukukaribia mdomo. Hapo nikaamini kweli amefunga.

Tatizo ni kwamba sahani ya kwanza jioni hiyo, imefunikwa kwa kawa la ukindu, ilienda kwa shosho. Alitema. "Si nilisema? Anataka kuniua na presha."

Ningeweza kusema. Nilitazama viatu vyangu.

Kesho yake yule mama akaniuliza, "Mwanangu, jana chumvi ilikuwa sawa?"

"Sawa."

Alinitazama sana, akatabasamu kidogo. "Basi baridi ya huku imekuharibia ulimi."

Shosho alikuwa amepata kosa alilolitafuta, na kabla ya Idi yule mama alikuwa amebeba sufuria zake na kwenda.

Chumba chake sasa ni cha kinyozi, kinanuka spiriti. Udi umeisha, na hakuna anayenidondoshea kitu kiganjani. Shosho bado hujisifu kwamba alimjua yule mama mapema.

Mwalimu aliuliza nani amewahi kuishi na mtu wa Unguja. Niliinama chini ya dawati, nikatafuta kalamu iliyokuwa mkononi.