Wimbo wa Upawa

Kanga mpya ina harufu yake, ya wanga na rangi, na kila ninapoletewa doti ya sare ya harusi huinusa kwanza kabla ya kuikunjua. Wajukuu zangu hucheka, hudhani ni uzee. Siwalaumu. Hawajui kwamba harufu ile hunirudisha Kilwa Kivinje, enzi za Mwingereza, chumbani kwa mama yangu, siku aliyoletewa sare ya ngoma akaikunja vizuri na kuirudisha ilikotoka.

Mama yangu, Bi Zena, alikuwa mtunzi wa nyimbo wa chama cha lelemama, ngoma ya wanawake, kilichoitwa Kikuba. Vyama vilikuwa viwili mjini, chetu na cha mahasimu wetu, Pilipili, na wanawake wa Kivinje walikuwa huku au kule. Vyeo tulivipenda kuliko wazungu wenyewe: kiongozi wetu, Bi Rukia, aliitwa Kwini, na akitembea sokoni ungedhani kweli ana kasri mahali. Watunzi hawakuwa na cheo. Kwini aliimba mbele, watu wakamshangilia Kwini, na aliyekesha usiku kucha akiupanga wimbo alikuwa nyuma kabisa akipiga makofi kama wengine.

Watunzi wetu nao walikuwa wawili. Wa pili aliitwa Bi Tabu, mwanamke aliyetoka Likawage, huko ndani mashambani, akaolewa na mvuvi mtaani kwetu. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kimatumbi, na watu wa mjini wakakifanya hicho kuwa kilema. Nyimbo zake walizipenda. Yeye mwenyewe hawakumtaka mstarini. Kila mara sare ziligawiwa, na kila mara Bi Tabu alikosa. Safari ile mama aliuliza kwa nini, Kwini akamjibu bila hata kuona haya, "Zena, nyimbo zake tamu, lakini mtu wa bara hasimami na waungwana."

Basi mama akarudisha doti yake. Akasema hatatunga hata ubeti mmoja mpaka Bi Tabu apewe sare na asimame mbele auimbe wimbo wake kwa kinywa chake. Bi Tabu naye akaacha kutunga. Mji mzima ukacheka. Neno mgomo tulikuwa tumelisikia kwa mabaharia, kwamba makuli wa bandari ya Dar es Salaam waliwahi kugoma, na sasa watu wakatuambia kwetu kuna makuli wa nyimbo. Bibi yangu mzaa baba alitikisa kichwa akasema ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Kicheko hakikudumu. Siku za ngoma Kikuba walisimama alasiri wamependeza, wakaimba nyimbo za mwaka jana, kisha za mwaka juzi, kiporo juu ya kiporo. Kwini alijaribu kutunga mwenyewe, wimbo wa kujisifu, na mpiga upatu akabaki ameinua mkono hewani hajui aupige wapi. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Muuza visheti akabeba sinia lake akawafuata wateja kwenye uwanja wa Pilipili, na sisi watoto tukamfuata yeye. Hamjui njaa ya wimbo mpya ilivyokuwa. Hatukuwa na redio mtaani. Wimbo mpya ndio uliotwangiwa mpunga, ukakuniwa nazi, ukabembelezewa watoto, mpaka uje mwingine.

Pilipili wakaona mlango uko wazi. Desturi ilikuwa chama kikiimbiwa tusi lazima kijibu kwenye ngoma ifuatayo, na kikikaa kimya kimekubali. Wakamtupia mama ubeti huu:

*Upawa haujapika, kazi yake kupakua,*
*Mpishi ni mtu wa bara, sisi sote twamjua.*

Yaani mama hajatunga kitu maishani mwake. Nyimbo zote ni za Bi Tabu, mama kazi yake kupakua na kuitwa mpishi. Lingekuwa tusi jingine angelipuuza. Hili halikuwa na dawa ila wimbo, na wimbo alikuwa ameapa hatungi. Akijibu, Bi Tabu amebaki peke yake. Asipojibu, jina lake limekwisha.

Hakujibu. Ngoma ya pili ikapita, na ya tatu. Mtaani wakasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, wakaanza kumwita Upawa, kwanza kwa siri, halafu mbele yake. Kisimani wasichana wenzangu waliniita mtoto wa Upawa. Na mimi, ndugu zangu, niliamini. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, na nilijiuliza kama mtu anajua kupika kwa nini asipike watu wakaona? Nikawa sitaki kufuatana naye njiani. Nikitumwa kwa Bi Tabu, nilimwangalia kwa jicho baya, kana kwamba yeye ndiye mwizi na sisi ndio tulioibiwa.

Sasa nifike pale ninapopaonea haya zaidi. Siku moja nilikuwa uani nimekaa juu ya mbuzi, nakuna nazi. Kukuna nazi bila wimbo hakuendi, na kwetu nyimbo zilikuwa zimekauka. Mdomo wangu ukachukua wimbo uliokuwa mjini. Nikaimba, tena kwa sauti, Upawa haujapika, mkono unakwenda, nazi inashuka, raha tupu. Nilipoinua macho mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele.

Nilingoja kofi. Mama aliweka ungo chini, akahesabu kitu kwa vidole, akakunja uso.

"Mstari wa pili unachechemea," alisema. "Umejazwa mno pale mwanzo. Ndivyo wanavyouimba wao?"

Nikasema ndiyo, mama.

"Hawana mtunzi hawa. Sema hivi: *Moto kakoka mwenzako, sifa unazichukua.*"

Akaniimbisha mara kadhaa mpaka ukakaa. Kisha akachukua ungo wake akaendelea kupepeta, na mimi nikabaki pale na nusu ya nazi, uso unawaka, nikiwaza kwamba mama amekubali. Nani humrekebishia adui tusi lake? Nilimwona hana hata wivu wa nafsi yake.

Kisimani niliuimba hivyo hivyo, kwa sababu kweli ulikuwa mtamu zaidi. Wenzangu wakaudaka, wakaupeleka kwao, na kwenye ngoma iliyofuata Pilipili wenyewe wakauimba kwa mstari ule mpya, wakapata shangwe kuliko siku zote.

Mgomo ulikwisha pale Kwini alipokosa watazamaji wa kumtazama. Alikuja kwetu mwenyewe na doti mbili kwapani. Bi Tabu akasimama mbele, akaimba kwa lafudhi yake ile ile, na uwanja ukajaa mpaka barabarani. Mama alirudi kutunga, lakini jibu la tusi lina siku zake, na siku zake zilikuwa zimepita. Kila alichotunga baadaye watu walisema ni cha Bi Tabu. Upawa likawa jina lake. Aliitikia akiitwa.

Mimi niliolewa Lindi, Mitwero, na wakwe zangu sikuwaambia jina lile. Niliwaambia mama ni msuka ukili tu. Hata Kivinje nilikuwa siendi sana. Mama alipofariki nilikwenda kumzika, nikarudi upesi.

Mwaka mmoja baadaye Bi Tabu alipita Lindi, akaja kunitazama. Alinikuta nambembeleza mwanangu wa kwanza, na wimbo ulionijia mdomoni ni ule ule. Nikanyamaza kwa aibu. Akasema, "Imba, mwanangu. Wimbo huo uliniponya."

Nikamuuliza vipi.

"Mwanzoni ulikuwa na mtu wa bara ndani yake. Nilikuwa sitoki nje, maji naletewa. Halafu siku moja nikasikia neno hilo limetoka, mahali pake pameingia mwenzako. Nikasema hata Pilipili wana huruma."

Mtoto alikuwa amelala mapajani pangu. Nikahesabu mizani kwa vidole, kama nilivyomwona mama akihesabu, na hapo ndipo nilipojua kwamba mama angeweza kuupunguza mstari ule kwa njia kumi na bado akamwacha mtu wa bara ndani. Alimtoa rafiki yake akabaki yeye peke yake kwenye tusi, na akanipa mimi nilipeleke mjini.

"Si Pilipili," nikamwambia. "Ni mama. Mimi nilikuwapo."

Bi Tabu akasema kwa sauti ndogo, "Nami nilimwita Upawa mpaka tunamzika. Kwa utani tu. Mbona hukuniambia?"

Nilikuwapo, nilisikia kila neno, na wakati wote ule nilikuwa nikimwonea mama haya.